Vijana wa Naivasha wasichome kebo ndiyo wapate chambo

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua mnapenda barua fupi lakini hii haitakuwa fupi, maanake nikiikata nitaacha ile sehemu yenye inaweza kuokoa mapafu ya mtu.

Wiki mbili zimepita mliandika habari ya kijana mmoja pale Naivasha anayetengeneza chambo bandia cha plastiki laini, vile viminyoo vya rangi mbili mbili na vikamba vyenye magando, anawauzia wale watu wa fimbo, yaani wanaovua samaki kwa fimbo za uvuvi, wanaokuja wikendi kutoka Nairobi. Picha ilikuwa safi kabisa. Nilifurahi mpaka nikamwita mke wangu aje aone kwa simu, nikamwambia hebu angalia, mtoto wa kwetu huyu. Kisha nikasoma ile aya ya mwisho, nikairudia tena. Mnasema anachukua ngozi za kebo za stima, vipande vya paipu na kandambili zilizokwisha, anakatakata, anatia kwa sufuria juu ya jiko la makaa ndani ya nyumba, anakoroga mpaka vilainike, na moshi ni mwingi ila yeye ameshauzoea.

Mhariri, moshi ule hauzoeleki. Mwili unaacha kukohoa lakini moshi unaendelea na kazi yake.

Wacha niseme mimi ni nani ndiyo mjue siongei tu. Nimezaliwa Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, baba yangu alikuwa mvuvi wa nyavu. Tukiwa watoto, Jumatatu asubuhi tulikuwa tunapita kando ya mafunjo kabla ya shule, tukiangalia viboko wako wapi kwanza, tunatafuta vitu vilivyoachwa na watu wa fimbo. Mara nyingi tulipata minyoo ya plastiki imechanika kichwani, ya zambarau, nyekundu, mingine ina vitu vinametameta ndani kama mchanga wa dhahabu, tukaificha kama pesa. Sikujua imetengenezwa na nini wala inatoka wapi. Sasa huu ni mwaka wa 11 naishi Akron, jimbo la Ohio, huku Marekani, nafanya kazi kwa bohari, na kila baridi ikiingia na maziwa yakiganda mimi huwa kwa garaji namimina chambo. Huu ni msimu wangu wa nane. Nilifundishwa na mzee jirani yangu, mtu mpole sana, alinisimamisha kando yake majira mawili ya baridi nikiangalia tu kabla hajaniruhusu kushika kikombe.

Na kitu ambacho kilinishangaza ni kwamba ile minyoo tuliyokuwa tunaokota kwa mafunjo asili yake ni mji huu huu. Mwaka 1949 jamaa anaitwa Nick Creme na mkewe Cosma walipika mnyoo wa plastiki laini jikoni kwao hapa Akron, wakati ule Akron ni mji wa viwanda vya matairi na raba. Walitoa kalibu, yaani umbo la kumiminia, kutoka kwa mnyoo halisi wa udongoni, wakachanganya vinyli na mafuta na rangi, wakajaza. Watu wakaupenda, biashara ikakua, baadaye wakahamia Tyler, Texas. Nasema haya kwa ajili ya huyo kijana, ajue hii kazi ilianzia kwa sufuria ya nyumbani kama yake, kwa hivyo asione aibu na mtu asimwambie anacheza.

Lakini walichopika wao sio ngozi ya kebo.

Ngozi ya kebo ni PVC, aina ya plastiki, paipu pia ni PVC. PVC yenyewe kabla haijachanganywa na kitu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Ukiipasha joto vizuri inatulia, ukiizidishia ile klorini inatoka kama gesi, hidrojeni kloraidi, na hiyo gesi ikikutana na unyevu wa macho yako, wa pua yako, wa mapafu yako, inageuka asidi hapo hapo, ni ile aina ya asidi wanayotia kwa dawa za kusafishia choo. Sasa juu ya jiko la makaa nani anajua ni nyuzi ngapi? Chini ya sufuria panaungua na juu bado ni baridi. Halafu kebo nyingi za zamani ngozi yake iliwekewa madini ya risasi ndiyo isiharibiwe na joto, na risasi ikiingia kwa damu ya mtoto inaharibu akili, na mliandika kwamba wadogo zake humsaidia kukoroga. Paipu nayo ni PVC ngumu, haina yale mafuta ya kulainisha, unaweza kuipika mpaka kesho haitakuwa laini ya kutingisha mkia. Na kandambili nyingi hata sio PVC, ni raba au povu, na raba ikishaivishwa kiwandani haiyeyuki tena, inaungua tu. Yale madonge meusi kwenye picha yenu, pale kando ya sufuria, nadhani ndiyo hayo.

Kitu chenyewe kinachotumika kinaitwa plastisoli. Wale wanaochapa tisheti watakuwa wanalijua hilo jina kwa sababu wino wao ni wa ukoo huo huo, lakini wino wa tisheti usiutumie kwa chambo, umechanganywa kwa kazi nyingine. Plastisoli ya chambo ni kitu kizito cheupe kama maziwa lala, ni unga laini sana wa PVC umeelea ndani ya mafuta ya kulainisha. Ukiiacha kwa rafu unga unashuka chini, kwa hivyo kwanza unatikisa chupa, na unatikisa tena, mzee wangu alikuwa anahesabu mpaka dakika mbili.

Sasa hapa naomba nieleze pole pole.

Unamimina robo lita hivi kwa kikombe cha kioo kinachostahimili moto, unaweka kwa maikrowevu, ile maikrowevu ni ya garaji tu na kile kikombe hakirudi jikoni maisha yake yote. Dakika moja, unatoa, unakoroga. Bado ni maziwa. Nusu dakika tena, unakoroga, sasa inaanza kushikana, inakuwa kama uji uliokaribia kuwa ugali, mtu mgeni hapa anaogopa anadhani imeharibika, anaitupa. Usitupe. Unarudisha sekunde 20, unakoroga, sekunde 20 tena, unakoroga, na kufika kama nyuzi 160 za Selsiasi kile kitu kinafunguka, weupe unaondoka, kinakuwa angavu unaona chini ya kikombe, kinatiririka kama asali iliyopashwa. Mimi namimina kati ya 165 na 175. Ikipita 200 inaanza kugeuka njano, halafu kahawia, na ukisikia harufu ya kuuma pua zima kila kitu, fungua mlango, toka nje, usiinamie kikombe kuangalia. Thamomita ni lazima. Jicho halitoshi.

Rangi unatia matone, sio vijiko. Ile rangi inayopendwa sana hapa Ohio inaitwa malenge mabichi, ni kijani cha matope kina hudhurungi ndani yake, na ukiiangalia vizuri ndiyo rangi ya wale kamba wadogo wa Naivasha kabla hawajawa wekundu. Wengi wetu tunajua hao kamba sio wa kwetu, ni kamba wa Louisiana, waliletwa ziwani mwaka 1970, na samaki wa besi naye sio wa kwetu, aliletwa kutoka Marekani miaka ya 1920 mwisho mwisho, kwa hivyo huyu besi wa Naivasha anamla mtu wa kwao. Ndiyo maana kikamba cha plastiki kinafanya kazi pale kuliko mnyoo, na ndiyo maana huyo kijana alivyochagua kutengeneza vikamba vya magando nilijua anaangalia ziwa kwa makini, hakunakili tu video.

Rangi mbili ndiyo ufundi wenyewe. Unatengeneza vikombe viwili, kimoja malenge mabichi na kingine chungwa, vyote viwe moto kwa pamoja. Kalibu ya wazi inalala mbele yako, mgongo wa kamba uko chini, tumbo litakuwa juu. Unaanza na magando, tone la chungwa kwenye ncha ya kila gando, kidogo tu, halafu unafuatisha ile rangi ya matope kutoka mkiani ukielekea kichwani kwa mkondo mwembamba kama uzi, hadi nusu ya kina. Unangoja. Hapo kwa kungoja ndipo watu wengi wanakosea. Ukimimina ya pili mapema, rangi zinakorogana unapata kitu cha rangi ya chai ya jana. Ukichelewa, ya kwanza inapoa na kutengeneza ngozi, ya pili inakaa juu bila kushikana, unaona chambo kizuri lakini samaki akikishika mara moja kinaachana pale kwenye mshono kama chapati ya tabaka. Mimi naangalia mng'ao. Ikiwa bado inang'aa kama maji ni mapema, ikianza kufifia kidogo tu, kama kioo umekipumulia, ndiyo wakati, namimina chungwa juu kutoka kichwani kurudi mkiani, na kwa vile ya pili iko moto inayeyusha kidogo uso wa ile ya kwanza, zinashikana zinakuwa kitu kimoja na mstari unabaki umenyooka. Plastiki ikipoa inanywea, kwa hivyo unaiacha juu imevimba kidogo, la sivyo tumbo linabonyea.

Chumvi laini pia unaweza kutia, inafanya chambo kizame haraka na samaki anakaa nacho mdomoni muda zaidi kabla ya kutema, lakini ikizidi plastiki inadhoofika na rangi inapauka, na lazima uendelee kukoroga la sivyo yote inakaa chini ya kikombe.

Kalibu za silikoni ndizo rahisi. Za jasi unaweza kujitengenezea kwa bei ndogo, na najua kijana anatumia jasi kwa sababu picha inaonyesha, na hapa ndipo nataka anisikize sana. Jasi inashika maji ndani hata kama juu umegusa ukaona pamekauka. Msimu wangu wa kwanza kumimina mwenyewe nilitengeneza kalibu ya jasi, nikaianika siku mbili, nikaona tayari. Nilipomimina, maji yaliyokuwa ndani yakageuka mvuke mara moja, plastiki ikaruka, ikanishika kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Maji ya moto yanakuchoma yanatiririka, hii plastiki inang'ang'ania, inaendelea kupika ngozi na ukiipangusa unaipaka pengine. Nilikimbilia bomba nikaweka mkono chini ya maji muda mrefu. Kovu lipo, ukubwa wake kama sarafu ya shilingi 20. Siku hizi kalibu ya jasi naianika wiki nzima, naiweka kwa oveni ya garaji kwa moto mdogo, kisha naipaka gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji, tabaka tatu, kila tabaka likauke. Na nguo ya mikono mirefu, glavu za ngozi, miwani. Tone moja la jasho kutoka kwa uso likianguka kwenye kikombe cha moto linatosha kufanya maafa, na Naivasha mchana jasho halikosi.

Barakoa zile za kitambaa tulizovaa wakati wa Korona hazizuii gesi, watu wasidanganyane. Inatakiwa ile yenye vichujio pande mbili, iandikwe kwamba inazuia mvuke wa kemikali na gesi ya asidi. Na hata ukiwa nayo, kazi ifanyike nje ama mlango uko wazi kabisa, feni iko mgongoni kwako inasukuma hewa mbele, sio mbele yako inakurudishia usoni.

Kijana wangu, kama unasoma hii au kuna mtu anakusomea, sikwambii uache. Nimeona mkono wako kwenye ile picha, ule mstari wa rangi mbili kwenye mnyoo wa tatu kutoka kushoto umenyooka, na umeufanya kwa vitu vibovu juu ya makaa, mimi ilinichukua misimu miwili na vifaa vizuri kunyoosha mstari kama ule. Ninachokuomba ni usipike kebo tena, na watoto wasikae kwa hicho chumba. Mambo mengine madogo utayaona mwenyewe ukiendelea, ila haya mawili nakuambia mapema yasikupotezee mali. Usichanganye rangi tofauti kwa mfuko mmoja, nyekundu inahama usiku, mimi niliweka nyekundu pamoja na nyeupe, asubuhi nyeupe zote zilikuwa zimegeuka pinki. Na usiweke chambo laini kwa yale maboksi magumu ya plastiki yanayoonekana ndani, yale mafuta ya kulainisha yanakula boksi, unakuta kila kitu kimegandana.

Kwa upande wa pesa, nimepiga hesabu. Kikamba changu kimoja ni gramu 8 hivi, kwa hivyo lita moja ya plastisoli inatoa mia na kitu. Tatizo ni kuifikisha, mtu mmoja akiagiza chupa moja kutoka ng'ambo usafiri unakula faida yote. Lakini wale watu wa fimbo wanaokuja Naivasha na magari mazuri wanaagiza fimbo na rili kutoka nje kila mara, si ngumu kwao wakaongeza debe moja la plastisoli kwenye mzigo wao, wakamkata pesa kidogo kidogo kwa chambo anachowapa. Wao ndio wanaonunua, nao wanajua harufu ya kitu wanachonunua. Na pale kwa vyuo vya ufundi wanapofundisha kuchomelea na kufinyanga, somo la kutengeneza kalibu na kumimina plastiki kwa nyuzi zinazopimwa halihitaji jengo jipya, ni meza, hewa, thamomita na mwalimu.

Kuna hili la ziwa pia, na sitaki liachwe. Chambo cha plastiki hakiozi. Kikichanika na kutupwa majini kinakaa pale, kinavimba, samaki anakimeza na kinamziba tumboni. Naivasha iko kwa orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu za kulindwa, tangu 1995, na nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, sasa haina maana tuondoe mfuko halafu tujaze minyoo. Na uzuri wa hii kitu ni kwamba chambo kilichochanika kinayeyushwa tena, unatenganisha kwa rangi, unaosha, unakausha vizuri kabisa, unarudisha kwa kikombe. Vikichanganyika rangi vyote vinatoka hudhurungi iliyoiva, na hudhurungi iliyoiva kwa maji ya matope inavua. Siku hizi maji ya Naivasha ni ya matope kuliko nilipokuwa mtoto, tangu yule samaki anaitwa kapu aonekane ziwani karibu mwaka 2001 anafukua chini kutwa kucha, na besi anawinda kwa macho, kwa hivyo chambo cheusi cheusi chenye ncha ya chungwa ndicho anachokiona. Nilipokuja nyumbani mwaka juzi nilivua besi watatu asubuhi moja na vikamba vya kuyeyusha mara ya pili, baba alikuwa kwa mtumbwi na mimi na yeye ndiye alisema anataka kununua mzigo mzima. Wale wa BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, wangeweka debe moja tu pale ufukweni, watu wa fimbo wakirudi watie vyambo vilivyochanika, kijana anapata malighafi ya bure na ziwa linapumua.

Mhariri, ombi langu kwako ni moja. Ile habari yenu imesomwa na vijana wengi, na kuna mmoja mahali fulani, labda Kisumu, labda Homa Bay, ameshakata kebo na anatafuta makaa. Chapisheni hatari ya ule moshi ukurasa ule ule na kwa herufi kubwa zile zile.

Nakuja Desemba. Kwa sanduku nimeshaweka kalibu mbili za silikoni za kikamba, thamomita moja, barakoa moja yenye vichujio vya akiba, na chupa za rangi, malenge mabichi na chungwa. Plastisoli naulizia kama naruhusiwa kuipakia kwa ndege, ikikataliwa nitaituma kwa meli itangulie. Mwandishi wenu anajua huyo kijana anapatikana wapi, naomba amwambie anitafute kwa baba yangu Karagita, wavuvi wote wa pale watamwonyesha nyumba, na aje na ile kalibu yake ya jasi tuiangalie pamoja kama imekauka.

Mzaliwa wa Karagita,
Akron, Ohio